Seli shina zikiingia kwa dripu, zinajuaje pa kwenda?

mshangao_tu

Wakuu habari za humu. Mwenye uelewa anisaidie maana nimesoma mpaka kichwa kinauma. Mama mkubwa wangu magoti yamechakaa, picha zinaonyesha gegedu limekaribia kuisha, sasa kuna kliniki imemwambia watamtoa mafuta kidogo tumboni, watayachakata wapate seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) halafu wamrudishie kwa dripu ya mkononi. Nikauliza, goti liko chini, mkono uko juu, hizo seli zitafikaje huko? Nikajibiwa "seli shina zina akili, zenyewe zinatafuta palipoharibika". Nikanyamaza kwa heshima ila sikuridhika.

Kinachonichanganya ni kwamba wagonjwa wa saratani ya damu nao wanapandikizwa uboho na huo uboho unaingia kwa dripu hivyohivyo, hakuna anayetoboa mfupa kuuweka ndani, na unafanya kazi kweli. Sasa kama zile zinafika, kwa nini hizi za mama mkubwa zisifike? Hivi kitu kisicho na macho wala miguu kinatembeaje na kinajuaje kwamba kimefika? Lugha nyepesi tafadhali, biolojia niliiacha shuleni.

fundi_wa_darubini

Mkuu hapo umeuliza maswali mawili ukayafunga kamba moja. Ngoja nianze na hizo za damu kwa sababu ndo zinazoeleweka zaidi, za goti watakuja wengine.

Kwanza kutembea. Seli inatembea kama mkwezi anavyopanda mnazi. Upande wa mbele inajenga nyuzi za protini inayoitwa aktini, zile nyuzi zinasukuma utando uchomoze mbele, halafu hicho kilichochomoza kinashika chini kwa protini nyingine zinaitwa integrini, kikishashika vizuri ile ya nyuma inakazwa na mayosini (ndugu wa ile inayokaza misuli yako) mwili unavutwa, nyuma inaachia, inaanza tena. Mikono juu, kumbatia, vuta miguu. Polepole sana, tunahesabu kwa maikromita.

Upande gani ndo uwe mbele? Hapo inafuata harufu. Sio harufu ya pua, ni protini ndogondogo zinaitwa kemokini ambazo tishu inazitoa, na seli ina vipokezi juu ya ngozi yake vya kuzinasa, upande unaonasa nyingi zaidi ndo unakuwa mbele.

Lakini sikiliza, hiyo ya kutembea ni ya ndani ya tishu. Ndani ya damu seli HAITEMBEI. Inachukuliwa. Mtu aliyebebwa na mafuriko hachagui njia, anachoweza ni kudaka tawi akilikuta. Kwa hiyo seli iliyoingia kwa dripu haiendi kwenye mfupa kwa kuamua, inazunguka mwili mzima pamoja na damu, inapita kwenye ini, kwenye bandama, kila mahali, na inapopita kwenye vimishipa vya uboho inakuta matawi ambayo mikono yake imeumbwa kuyadaka. Tawi la kwanza ni selektini, hili linateleza, seli inabingirika juu ya ukuta wa mshipa na kupunguza mwendo. Pale inapobingirika inakutana na kemokini moja maarufu, CXCL12, ambayo uboho unaitoa kwa wingi, na seli shina za damu zina kipokezi chake kinaitwa CXCR4. Vikigusana tu, integrini zinakakamaa, zinashika ukuta kwelikweli, seli inasimama, inajipenyeza katikati ya seli za ukuta na kuingia. Hapo sasa ndo inatembea ile ya mnazi mpaka ikute kiota chake.

Panya waliozaliwa bila CXCL12 au bila CXCR4, uboho wao haujazwi seli za damu inavyotakiwa. Maana hata mtoto tumboni damu yake haianzii kwenye mfupa, seli shina zinaanzia karibu na mshipa mkuu, zinahamia kwenye ini, ini linakuwa kiwanda cha damu kwa muda, halafu baadaye ndo zinahamia kwenye mifupa. Kwa hiyo hii safari seli za damu zimeijua kabla hujazaliwa. Kumpandikiza mtu uboho ni kutumia barabara iliyokuwepo tayari.

Na cha kuchekesha, E. Donnall Thomas na wenzake walianza kuwawekea wagonjwa uboho kwa mshipa mwaka 1957, Nobel akaja kuipata 1990, na miaka yote ile hakuna aliyekuwa anajua habari ya CXCL12. Waliweka kwenye mshipa, seli zikajiendea.

damu_ya_ndugu

Asante fundi, kumbe ndo nilichofanyiwa. Mimi nilimchangia mdogo wangu. Sikutobolewa mfupa, nilichomwa sindano siku tano mfululizo, dawa ya kuongeza seli, na jamani siku ya tatu nyonga na mgongo vilikuwa vinauma kwa ndani kama mtu anagonga nyundo kutoka upande wa pili, paracetamol zikawa chakula. Halafu nikalazwa kwenye mashine masaa manne na kitu, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule, mwisho wake kimfuko kidogo tu, rangi kama juisi iliyochuja. Nikasema hivi hiki ndo kinaenda kuokoa mtu? Akawekewa kwa dripu hata saa halikuisha. Hakuna sherehe wala nini. Tukakaa tunasubiri, neutrofili (seli nyeupe za kinga) sifuri, sifuri, sifuri, siku ya 16 ndo zikaanza kuonekana kwenye vipimo, nesi akaja anakimbia.

Swali langu, nesi aliniambia zile sindano "zinafukuza" seli kwenye mfupa. Zinafukuzaje? Na kama zinapenda mfupa kiasi hicho kwa nini kwangu zitoke halafu kwake ziingie?

fundi_wa_darubini

Hongera sana dada, na pole kwa hiyo nyundo, ile maumivu wachangiaji wengi wanaipata.

Dawa yako ni G-CSF. Inafanya uboho uzalishe neutrofili kwa fujo, zile neutrofili zinamwaga vimeng'enya vinavyokatakata kamba zinazozishikilia seli shina, na wakati huohuo CXCL12 ndani ya uboho inapungua. Yani harufu ya nyumbani inafifia na vishikizo vinakatika, seli zinateremka kwenye damu, ndo zinakamatwa na mashine. Kwa mdogo wako mambo ni kinyume, yeye harufu ipo na kemo (dawa kali za saratani) imeshaondoa wenyeji kwenye viota, kwa hiyo wageni wana pa kukaa. Seli zilezile, anwani ileile, kilichobadilika ni nani ameshika mlango. Kufika kwenyewe kunachukua masaa mpaka siku moja mbili tu, zile siku 16 mlizosubiri sio za safari, ni za kuzaana.

Kuna dawa nyingine naipenda kwa historia yake, pleriksafo. Ilianza kama dawa ya VVU, kwa sababu aina fulani za virusi hivyo hutumia CXCR4 hiyohiyo kama mlango wa kuingilia kwenye seli, wakemia wakatengeneza kitu cha kuziba mlango. Walipowapa watu wazima wenye afya kuipima usalama wakaona seli nyeupe zinapanda kwenye damu, na humo zikiwemo seli shina. Walikuwa wameziba pua ya seli, haisikii tena harufu ya uboho, inaondoka. Kama dawa ya VVU haikwenda popote, ila mwaka 2008 Marekani wakaiidhinisha kwa kazi ya kutoa seli shina.

Na sio mapambo ya maabara hii. Mgonjwa wa selimundu ukimpa G-CSF seli nyeupe zikipanda ghafla unaweza kumsababishia maumivu makali ya kuziba mishipa, wapo waliokufa. Kwa hiyo ile tiba mpya ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ambapo seli za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, jeni inahaririwa, zinarudishwa kwa dripu, hatua ya kuzitoa inategemea pleriksafo peke yake. Watu wanaongelea mkasi wa jeni tu, lakini bila kujua seli inaondokaje na inarudije nyumbani ule mkasi usingekuwa na kitu cha kukata.

pilipili_mbuzi

Fundi umesema vizuri ila mwenye uzi ameuliza goti, tusimpoteze. Nitasema bila kuzunguka.

Mshangao, seli wanazotoa kwenye mafuta ya mama mkubwa ni kabila lingine kabisa, zinaitwa za mesenkima. Hizo haziishi kwa kusafiri ndani ya damu kama za uboho wa damu, ni seli za kukaa kwenye tishu, zimeshikilia pembeni ya vimishipa, na hazina ile barabara aliyoieleza fundi. Sasa ukiziingiza kwenye mshipa wa mkono zinaenda wapi? Fuata damu: mkono, moyo upande wa kulia, MAPAFU. Kituo cha kwanza ni mapafu, na kapilari za mapafu ni nyembamba, chembe nyekundu yenyewe ya maikromita 7 au 8 inajikunja kupita, hizi za mesenkima zikikuzwa kwenye chupa za maabara zinanenepa mpaka 20 na zaidi. Zinakwama. Wameziwekea alama za mionzi wakazifuata kwenye wanyama na kwenye watu, dakika chache baada ya dripu sehemu kubwa iko mapafuni, siku chache mbele nyingi zimekufa, baadhi ya mabaki yanaonekana kwenye ini na bandama ambako takataka za damu husafishwa. Na kule kukuzwa kwenye plastiki kunazipotezea hata vile vipokezi vichache zilivyokuwa navyo, CXCR4 ikiwemo.

Haya tuseme ka-seli kamoja kamebahatika, kamepita mapafu, kamezunguka, kamefika gotini. Kanashukia wapi? GEGEDU HALINA MISHIPA YA DAMU. Halina kabisa mkuu, linalishwa na majimaji ya kiungo na mfupa wa chini yake. Fundi amekwambia seli ya dripu inachukuliwa na mafuriko mpaka idake tawi, sasa huku mto wenyewe haufiki. Hilo ndo swali la kuwauliza hao wa kliniki, waulize damu inafikaje kwenye gegedu, halafu uangalie sura.

taratibu_jamani

Pilipili uko sahihi ila unamwaga mtoto pamoja na maji ya kuogea. Seli za mesenkima kwa dripu zina kazi, na zina kibali. Desemba 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha Ryoncil kwa watoto waliopandikizwa uboho halafu seli za mchangiaji zikageuka kuwashambulia na steroidi zikashindwa. Inaingia kwa mshipa, inakwama mapafuni kama ulivyosema, na baadhi ya wale watoto wanapona. Ugonjwa uko kwenye ngozi na utumbo. Kwa hiyo?

Kwa hiyo sio lazima seli ifike. Ikikwama pale mapafuni inatoa kemikali za kutuliza kinga zinazosambaa na damu, na hata ikifa inaliwa na makrofaji (seli ya kinga inayokula mabaki), na makrofaji aliyeila anabadilika tabia, anakuwa mpole, anaenda kuwatuliza wenzake. Arnold Caplan, ndo yeye aliyezipa hizi seli jina la seli shina za mesenkima mwaka 1991, alikuja mwaka 2017 akasema jamani lile jina libadilishwe, zisiitwe shina tena, ziitwe seli za kutoa ishara za kitabibu. Mtu kukataa jina alilotoa mwenyewe sio jambo dogo.

pilipili_mbuzi

Nakubali, na hapo umenisaidia hoja. Kama kazi yake ni kutoa ishara ya kutuliza kinga basi ni dawa, ina dozi, ina muda, inaisha mwilini. Lakini mama mkubwa hakuambiwa hivyo. Ameambiwa seli itatafuta palipoharibika na kujenga gegedu jipya. Hizo ni ahadi mbili tofauti kama ardhi na mbingu, moja wanaiuza kwa ushahidi wa nyingine.

nusu_daktari

Naongeza kitu ambacho naona watu wanakiruka, kuna tiba zimeamua kukwepa safari yote. Holoclar, Ulaya waliikubali 2015, ni seli shina za ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), zinakuzwa zinakuwa kama kipande cha ngozi nyembamba halafu daktari anakiweka palepale kwenye jicho lililoungua. Hakuna dripu, hakuna harufu, seli imewekwa mlangoni kwake. Na inafanya kazi kwa sababu jicho liko nje, mkono wa daktari unafika.

Ila kwenye moyo hata kuweka palepale kunasumbua. Walipitisha seli za uboho kwenye mishipa ya moyo yenyewe, wakapiga picha, zilizobaki ni asilimia chache tu, nyingine zimeshachukuliwa na damu, maana moyo haulali, kila pigo unasukuma. Miaka mingi watu wakabishana kama seli shina zinatibu moyo au hazitibu, na mimi hasira yangu ilikuwa, jamani mmejua ni ngapi zilibaki? Unahukumuje dawa ambayo haijamezwa?

Halafu kuna upande wa pili unaotisha, seli iliyokaa mahali ambapo si pake. Wapo kinamama watatu Marekani, habari yao ilichapishwa 2017, walichomwa kwenye macho yote mawili seli za mafuta yao wenyewe, walikwenda wanaona kwa shida wakarudi vipofu au karibu na upofu. Na kuna mgonjwa mwingine alipandikizwa kwenye uti wa mgongo tishu ya ndani ya pua, miaka baadaye akaanza maumivu, walipofungua wakakuta uvimbe unatoa ute kama kamasi. Seli haikuwa mbaya, ilikuwa inafanya kazi ya pua. Ndani ya mgongo.

Kwa hiyo kwangu mimi swali la seli inakwenda wapi ni la usalama kwanza.

damu_ya_ndugu

Eh Mungu wangu, kamasi kwenye mgongo. Hiyo leo silali.

fundi_wa_darubini

Nimalizie na yanayofanyika sasa maana tumewatisha watu.

Kuna wanaojaribu kuifundisha seli njia. Mfano seli za mesenkima zina protini inaitwa CD44, ukibandika sukari fulani juu yake kwa kimeng'enya inageuka kuwa mkono wa kudaka selektini za vimishipa vya uboho, na kwenye panya seli hizo zikaanza kuelekea mfupani kuliko zile za kawaida. Jeni haijaguswa, ni kupaka sukari tu! Wengine wanairudisha CXCR4 ndani ya seli. Wengine wanahangaika na damu ya kitovu cha mtoto mchanga, ambayo nayo hupandikizwa, kwa sababu kitovu kimoja kina seli chache na mtu mzima ana mwili mkubwa, kwa hiyo hata ukiongeza kidogo idadi ya zinazofika unakuwa umeokoa siku nyingi za kukaa bila kinga. Na wapo wanaoziwekea seli chembe za chuma zionekane kwenye MRI, maana bila kuona zimekwenda wapi tunabaki kukisia.

Cha mwisho, hata mahali pa kutua pana ugumu na ulaini wake na seli inausikia. Nyingi zikiwekwa kwenye sehemu laini iliyopakana na ngumu zinatambaa kwenda penye ugumu. Sasa fikiria kovu la moyo lilivyo gumu, je, litaivuta seli au litaibadilisha tabia? Hapo ndo nilipo mimi na darubini yangu usiku huu.

mshangao_tu

Wakuu nimerudi, jana tulikwenda. Nimeuliza kwa adabu kabisa, daktari hizi seli zikikwama mapafuni inakuwaje, akasema hizo ni habari za mitandaoni. Nikauliza gegedu lina mishipa ya damu? Akanyamaza kidogo. Akasema kama nina wasiwasi na dripu wanayo pia ya kuchoma gotini moja kwa moja, ila hiyo ni huduma nyingine na malipo yake ni mbali. Mama mkubwa akainuka, akachukua mkoba wake akasema mwanangu twende, kama huyu hajui inapita wapi mimi siwezi kuwa njia.

Sasa na hiyo ya kuchoma gotini nayo mnaionaje?

pilipili_mbuzi

Msalimie sana mama mkubwa. Hiyo ya gotini angalau mapafu umeyaruka, lakini kufika ndani ya goti na kushika kwenye gegedu ni vitu viwili, mle ndani kuna majimaji na goti linakunjwa siku nzima. Fungua uzi mpya mkuu, huu utafika kurasa 40.